Neno na Majirani Zake: Mwalimu Anajibu Barua za Wasomaji

Mwezi huu barua zimezidi nafasi niliyopewa, na karibu zote zinauliza jambo moja: maneno mazito ya Kiingereza, yale ya juu, mtu atayajuaje na atayatumiaje. Somo hilo nimelifundisha miaka thelathini na moja, nusu yake Pemba nilikozaliwa na nusu Unguja, na mpaka leo nikikutana na neno nisilolijua silali vizuri mpaka nilipate. Nimechagua barua sita. Ambao sikuwajibu, barua zenu ziko mezani kwangu, zitapata zamu yake.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Kila siku nafungua kamusi nanakili maneno ishirini ya Kiingereza na maana zake kwa Kiswahili. Nimeshajaza madaftari mawili. Juzi mwenzangu alinipima maneno hamsini, nikakumbuka manane, na hayo manane yenyewe sijui kuyatumia. Je, nina kichwa kibovu? Na mtu anahitaji maneno mangapi ndipo aseme anakijua Kiingereza?
Mwanafunzi, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Kichwa chako kizima. Mtu aliyejaza madaftari mawili bila ya kusukumwa na mwalimu ana nia, na nia ni kitu ambacho sisi walimu hatuwezi kumtilia mwanafunzi asiyekuwa nayo. Kilichokukwamisha ni njia.

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zinamtoka baada ya muda gani. Aliona kwamba kingi husahaulika mwanzoni kabisa, katika saa na siku za kwanza, halafu kasi ya kusahau hupungua. Akaona pia kuwa kurudia kidogo kidogo kwa kuachia nafasi kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Sasa jitazame wewe. Maneno ya Jumatatu huyarudii Jumanne, kwa kuwa Jumanne ina ishirini yake. Unatia maji kwenye pakacha.

Nilipokuwa msichana, msimu wa karafuu nyumbani kwetu watu wote walikaa ukumbini usiku kuchambua: kishada mkononi, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinanukia hata baada ya kuoga. Marehemu baba alinipa mikebe mitatu ya maziwa ya unga. Nikakata maboksi ya biskuti vipande vidogo vidogo, upande mmoja neno, upande wa pili sentensi. Mkebe wa kwanza niliupitia kila usiku, wa pili kila baada ya siku tatu, wa tatu kila baada ya wiki mbili. Neno nililolikumbuka lilipanda mkebe. Nililolisahau, hata kama lilishafika wa tatu, lilirudi wa kwanza. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya namna hiyo hiyo kwa visanduku, na wazo hilo ndilo lililomo katika programu nyingi za simu za kujifunzia maneno. Kama simu unayo, itumie. Kama huna, mikebe inatosha.

Umeona nimesema upande wa pili sentensi, sikusema maana. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwani hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyowahi kufundisha. Chukua neno "mitigate", ambalo kwenye jografia utakutana nalo upende usipende. Kamusi itakwambia: punguza. Nawe utaandika daftarini, punguza. Siku moja utataka kusema mvuvi amepunguza bei ya samaki, uandike "mitigate the price". Kosa. Utataka kusema daktari amekutaka upunguze uzito, uandike "mitigate my weight". Kosa tena. Kamusi haikukudanganya. Ila neno lina majirani zake, na hukuonyeshwa majirani. "Mitigate" hukaa na "effects", "impact", "risk", "damage": athari, hatari, madhara, kitu kibaya ambacho pengine huwezi kukiondoa lakini unaweza kukifanya kisiume sana. Asili yake ni Kilatini "mitis", laini, pole. Kwa hiyo Kiswahili chake hasa ni kupunguza makali. Mikoko mnayoipanda ufukweni haiizuii bahari kupanda, inapunguza makali ya mawimbi. Hapo ndipo pahala pa "mitigate". Mahakamani nako, wakili akisema kuna "mitigating circumstances" huwa hasemi kwamba mteja wake hana kosa, anaomba adhabu ilainishwe.

Jihadhari na jirani mmoja wa uongo. Watu wengi, Waingereza wenyewe wamo, huandika "mitigate against" pale ambapo walikusudia "militate against", yaani kuwa kikwazo kwa jambo. Hilo la pili limetoka kwa askari, Kilatini "miles", na ndugu yake ni "military". Moja linalainisha, jingine linapigana.

Ukiandika hayo kwenye kipande kimoja cha boksi, umelijua neno moja kweli kweli. Matano ya namna hiyo kwa siku yanatosha, achana na ishirini.

Ama idadi, Paul Nation wa New Zealand, ambaye ameshughulika na suala hili miaka mingi, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji jamii za maneno 8,000 hadi 9,000 asome riwaya au gazeti bila ya kukwama kwama, na 6,000 hadi 7,000 afuate mazungumzo. Usiogope. Jamii ni neno pamoja na watoto wake: "decide", "decision", "decisive", "undecided" wanahesabiwa nyumba moja. Na kwa mtu wa skuli ipo njia ya mkato iliyo halali. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa huko huko New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma akatoa jamii 570 zinazojirudia katika masomo ya kila aina, mbali na maneno ya kawaida ya kila siku. Hizo peke yake zinabeba kiasi cha asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Tano kwa siku, unazimaliza kwa siku 114. Orodha yake inapatikana bure kwenye intaneti, na mwalimu wako akiichapa kurasa chache darasa zima litafaidika.

Madaftari yako mawili usiyatupe. Kila unapokutana na neno kitabuni, tazama kama lilishaandikwa mle, ulipige mstari, uandike pembeni sentensi uliyolikuta ndani yake.

Bi Mwalimu, mimi ni mtembezaji wageni kwenye mashamba ya viungo, upande wa Kizimbani. Kiingereza cha kazi ninacho, lakini kila mti naishia kusema "nice smell, very strong" kutwa nzima. Wageni hutaja maneno nayasikia mara moja yanapotea, kama "pungent" na "astringent". Nisaidie nipate maneno ya kazi yangu.
Dada wa viungo, Unguja

Dada yangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Wanafunzi wangu wengi walikuwa na jina la kitu, kitu chenyewe hawajawahi kukionja. Wewe kitu unacho kiganjani, unatafuta jina tu. Wewe ndiye utakayejifunza haraka.

"Pungent" ni harufu au ladha inayochoma: karafuu ukiitafuna, tangawizi mbichi, kitunguu kikali. Kilatini chake ni "pungere", kuchoma kwa kitu chenye ncha. Sasa tazama ukoo wake. "Puncture" imo, ile ile pancha ya baskeli. "Punctual" imo, mtu anayefika kwenye nukta ya saa. "Poignant" imo, jambo linalochoma moyo. Ukishaiona ile ncha, maneno manne umeyapata kwa bei ya moja.

"Astringent" tunalo neno lake kamili: ukakasi. Mpe mgeni kipande cha bibo, au ndizi mbichi kama ana moyo, umwache ulimi umkunjamane, ndipo umwambie "this is astringent". Wengi wao wanalijua kwa dawa ya kupaka usoni ya kukaza ngozi. Kukaza ndiko maana yake, Kilatini "stringere", na humo wametoka "strict" na "stringent", masharti yaliyokazwa. Kazi hiyo hiyo bibo linaifanya kwenye ulimi.

Kwa harufu nzuri usitumie moja kwa vyote. Mdalasini, iliki, mchaichai, hizi ni "aromatic", harufu ya viungo na majani. Asumini, kilua, mlangilangi ni "fragrant", harufu ya maua na vitu vya kujipamba. Hakuna atakayekukamata ukibadilisha, lakini mtu wa lugha ataisikia tofauti, kama vile sisi tunavyosikia tofauti kati ya kunukia na kunuka. Na zile mbaya nazo uzijue: moshi wa makuti mabichi unaokwaruza koo ni "acrid", samli iliyokaa mpaka ikaharibika ni "rancid", nguo zilizofungiwa sandukuni masika yote ni "musty".

Ukifika kwenye mkarafuu, mwekee mgeni karafuu kavu mkononi aitazame, ile kichwa na kijiti chake, umwambie kwamba "clove" limetoka kwenye Kifaransa "clou", yaani msumari. Sisi yetu tuliichukua kwa Waarabu, qaranful. Ukipasua kungumanga, ule wavu mwekundu unaoishika kokwa, basbasi, jina lake ni "mace". Usiuite ngozi nyekundu, ni kiungo kamili kinachouzwa peke yake.

Namna ya kuyashika ni nyepesi kwako. Neno moja kwa mti mmoja. Asubuhi kabla wageni hawajafika, pita peke yako ulitamke kila neno mbele ya mti wake, kwa sauti, huku umeshika jani. Shamba lako ndilo mikebe yako.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa mjini. Mkuu wangu anasema ripoti zangu za Kiingereza ni za mtoto wa skuli, nitumie maneno ya juu. Nimenunua kitabu cha maneno magumu. Sasa ripoti imejaa "commence", "utilise", "endeavour", na bado mkuu haridhiki. Nifanyeje?
Karani, Mjini

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kujua kwa nini Kiingereza kina maneno mawili matatu kwa kitu kimoja. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walisema Kifaransa, wanazuoni na watu wa kanisa waliandika Kilatini, na raia wakabaki na Kiingereza chao. Vyote vitatu vikaja kukaa katika lugha moja, kila kimoja na cheo chake. "Ask" ni la wenyeji, "question" limepita kwa Wafaransa, "interrogate" ni la Kilatini. Ukitazama kamusi yote matatu ni kuuliza. Lakini mtoto humuuliza mamaye, mwandishi wa habari humhoji waziri, na "interrogate" ni kazi ya polisi kwa mtuhumiwa. Ukiandika kwenye ripoti kwamba ofisi yako ilifanya "interrogate" kwa wateja, umewaweka wateja korokoroni.

Sisi hisia tunazitia kwenye viambishi. Mtoto, kitoto, jitoto: msikilizaji anajua mara moja kama unapenda, unadharau au umechoshwa. Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno zima. "Slim" ni mwembamba kwa sifa, "thin" ni mwembamba basi, "skinny" ni kukonda kwa kasoro. Hayo ndiyo ambayo kitabu chako cha maneno magumu hakikukwambia, na mimi nililipa kwa kutoyajua.

Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, kijana niliyemsomesha alikuja kuniomba barua ya kumdhamini kwa kazi. Kijana safi, hodari, baba yake amefariki, mama anamtegemea. Nilitaka kuandika kwamba anajulikana kwa bidii yake. Nikatafuta neno la juu kuliko "known", nikapata "notorious", na nikaandika "notorious for his hard work". Barua ilirudi naye siku ya pili, neno lile limezungushiwa wino mwekundu, na nafasi ameshapewa mwingine. Hakunilaumu. Alisimama mlangoni ameishika barua kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwalimu, neno hili lina nini?" "Notorious" ni kujulikana kwa ubaya: mwizi sugu, njia inayoua watu, mlaghai aliyevuma. Kwa uzuri nilipaswa kuandika "noted", au kuliacha "known" pale pale lilipokuwa. Nimeandika barua nyingi tangu siku ile na hakuna hata moja iliyotoka mkononi mwangu bila ya kulitazama kila neno katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Kwa hiyo turudi kwenye ripoti yako. "Commence" badala ya "start" haikuongeza kitu, "utilise" badala ya "use" vile vile. Nadhani mkuu wako anataka jambo jingine ila hajui kulisema: anataka maneno mahsusi. Tazama sentensi hii, "There is a problem with the money." Mtoto wa skuli anaweza kuiandika. Tatizo gani? Fedha zimechelewa? Hazitoshi? Hesabu mbili hazilingani? Kama zimechelewa, "delay". Kama hazitoshi, "shortfall". Kama stakabadhi zinasema hivi na daftari la hesabu linasema vile, hapo ndipo "discrepancy", tofauti kati ya vitu viwili vilivyotakiwa kulingana. "There is a discrepancy between the receipts and the ledger." Hilo ni neno la juu, na limepanda juu kwa sababu ya kazi iliyopo.

Mengine ya ofisini yatakayokufaa: "negligible", dogo kiasi cha kutohesabiwa, "tentative", la muda, linaloweza kubadilika, kama tarehe ya mkutano ambayo haijathibitishwa, "outstanding", ambalo kwa mfanyakazi ni sifa kubwa, lakini "outstanding debt" ni deni ambalo halijalipwa. Jirani amebadilika, na maana imebadilika pamoja naye.

Mwalimu, mwanangu ana miaka kumi na moja, asubuhi skuli, mchana chuoni. Jirani ananiambia Kiarabu cha chuo na Kiswahili cha nyumbani vinamchanganya, nimpunguzie ili Kiingereza kimkae. Ni kweli?
Mama, Jang'ombe

Usimpunguzie kitu, bibi. Mtoto huyo ameshafundishwa jambo ambalo mimi huchukua muhula mzima kuwaeleza wakubwa: kwamba neno lina mzizi. Muulize kitabu, katibu, maktaba na mkataba vina nini kimoja. Ataisikia ile kaf, ta, ba bila ya kufikiri sana. Mtoto anayeisikia hiyo hatashangaa akiambiwa kwamba "predict", "dictate" na "contradict" zina "dict" ya Kilatini, kusema: kusema kabla, kusema mwingine aandike, kusema kinyume.

Tena maneno mengine ya Kiingereza ni jamaa zetu wa mbali. "Tariff", ushuru au orodha ya bei, imetoka kwenye neno la Kiarabu ambalo kwetu ni taarifa. "Zero" na "cipher" zote mbili ni sifuri. "Magazine", jina la hiki unachokisoma hivi sasa, maana yake ya mwanzo ni ghala, na inachangia mzizi na hazina yetu. "Monsoon" ni ule ule msimu wetu, Wareno waliuokota baharini huku kwetu wakaupeleka Ulaya. Na "safari" wameichukua kwetu moja kwa moja, hawakubadilisha hata herufi. Kaa na mwanao siku moja muyatafute pamoja. Nyumbani zungumza naye Kiswahili kizuri, kirefu, chenye methali na masimulizi, kwani mtoto asiyeweza kutofautisha huruma na upole kwa Kiswahili hataweza kutofautisha "compassion" na "gentleness" kwa Kiingereza.

Maneno nayajua kwa macho, nikiyasema watu hawanielewi. Na ninunue kamusi gani?
Kijana, Mkoani

Kiswahili mkazo wake karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho, nawe unaupeleka huo huo kwenye Kiingereza. Kule mkazo unahama. "Photograph" unakaa mwanzo, "photographer" unakwenda silabi ya pili, "photographic" unakwenda ya tatu. Kwa hiyo unapoandika neno jipya, pigia mstari silabi yenye mkazo siku hiyo hiyo. Kamusi nunua ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza, kama ile ya Oxford ya wanafunzi ambayo kazi yake ilianzishwa na A. S. Hornby, ikachapishwa na Oxford mwaka 1948. Inaeleza neno zito kwa maneno mepesi, na ina sentensi. Isiyo na sentensi usinunue, hata ikiwa nene vipi. Ya Kiingereza kwa Kiswahili kaa nayo pembeni ya kuhakikishia.

Mwalimu, mimi Mpemba niliye Muscat, mwaka wa tisa huu. Wanangu wameniuliza "nostalgia" ni nini kwa Kiswahili. Ninaisikia, ila neno sina.
Msomaji, Muscat

Ndugu yangu, neno hilo lina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi, Johannes Hofer, aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, "nostos", kurudi nyumbani, na "algos", maumivu, ili kuupa jina ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Hiyo "algos" utaikuta pia kwenye "analgesic", dawa ya kutuliza maumivu. Baadaye neno likatoka hospitali, na leo Waingereza hulitumia zaidi kwa wakati uliopita kuliko kwa mahali. Mtu anaweza kuwa yuko kwao, hajaondoka hata siku moja, na akawa nayo.

Ndiyo maana Kiswahili chake hakiji kwa neno moja. Ikiwa ni mahali, hamu ya kwetu inatosha. Ikiwa ni zama, itakubidi useme majonzi ya siku zilizopita, na hata hivyo kuna utamu ndani yake ambao majonzi hayaubebi. Watoto hawataipata kwa tafsiri, wasimulie.

Mimi yangu ni hii. Karafuu zimeanikwa uwanjani, mvua inatoka upande wa baharini bila ya kuaga, na mama anapiga kelele kutoka jikoni, "Anueni! Anueni!" Sote tunakimbia, kila mtu na pembe yake ya jamvi, tunakunja kuelekea kati, karafuu zinaserereka na kunukia kwa ule umande wa kwanza, na matone yanatupata mgongoni tukiwa tumeshafika ukumbini. Mama hayupo tena, na pale uwanjani pana nyumba ya watu. Nikisikia mvua kwenye bati hapa mjini, bado huinuka kwenye kiti.

Nawe una yako. Wasimulie kwa Kiswahili, mpaka mwisho, kisha uwaambie kwamba Waingereza kitu hicho wanakiita "nostalgia".